Sayari Chini ya Leso

Siku ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya dada yangu nilifunikwa leso pamoja naye, na chini ya leso yangu nilikuwa na simu. Simu hiyo ndiyo iliyoharibu mambo, au iliyoyanogesha. Inategemea utamuuliza nani.

Kwetu Kiganjo, wageni wakishatoa mahari, bwana harusi hupewa mtihani. Wasichana hufunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, wakapangwa mstari, naye amtambue mchumba wake bila kumwona. Akikosea hutozwa mbuzi. Watu wa shemeji walikuwa wametoka Ruiru basi zima, na wote walikuwa wametukodolea macho.

Sasa, alasiri hiyohiyo, nyota yangu, ile ninayoichunguza kwa mradi wa chuo, nayo ilikuwa na shughuli. Inafanana na jua letu, na inazungukwa na sayari kubwa mno iliyoikaribia hivi kwamba mwaka wake huisha kwa siku chache tu. Sayari yenyewe huioni hata kwa darubini. Unajua ipo kwa sababu ikikatiza mbele ya nyota, mwanga wa nyota hupungua kidogo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya saa ambayo sayari ingepita, na mhadhiri wangu, kule chuoni karibu na Kahawa Sukari, alishaniambia kwamba nikikosea nitarudia mradi wote, kuhitimu mwaka huu nisahau. Darubini ilikuwa upande wa pili wa dunia, ambako ni usiku, ikinitumia vipimo kwenye simu.

Tangu asubuhi dada alikuwa amenisihi niiache simu chumbani. Leo ni siku yangu, alisema, nyota zitakungoja. Nikaitikia, kisha nikaichomeka kwenye mkanda wa sketi.

Basi tukasimama, yeye kando yangu. Saa niliyoihesabu ikafika, na vitone vya mwanga kwenye mchoro wa simu vikabaki palepale. Halafu kitone kimoja kikashuka. Nikajiambia ni wingu hilo. Kikashuka cha pili, cha tatu, cha nne. Nilifurahi hadi nikatetemeka mwili mzima, nimejiziba mdomo kwa kiganja.

Shemeji alikuwa anapita mbele yetu. Baadaye alijitetea kwamba mchumba wake hajui kuzuia kicheko, na leso iliyotikisika ilikuwa moja tu.

“Ni huyu,” akasema, akanishika bega.

Leso ikavutwa. Nikatokea mimi, machozi yananitiririka, simu mkononi. Hema zima likaangua kicheko, na shangazi yetu akaanza kudai mbuzi kabla watu hawajanyamaza. Nami nilijua nimeipora siku ya dada. Nikamgeukia kumwomba radhi. Alikuwa bado amefunikwa, maana hafunuliwi mpaka atambuliwe.

“Imepita?” akaninong'oneza kutoka ndani ya leso.

Nikamwambia imepita. Mkono wake ukatoka, ukapapasa, ukaukamata wangu, na mbele ya wageni wote akaanza kurukaruka.

Hapo shemeji akamtambua.