Fundi Aliyemtundika Mkwewe Msalabani

Saa mbili asubuhi, fundi seremala amesimama juu ya msalaba, mikono kaitanua, penseli sikioni, anaimba. Sauti yake, tuseme ukweli, ni ya kuvumiliwa tu. Anaimba kwa nguvu, anajitikisa, kisha ananyamaza kusikiliza kama mbao zinalia.

"Kimya," anasema akishuka taratibu. "Lakini hata siku ile kulikuwa kimya."

Msalaba huu ni wa filamu ya nyimbo inayosimulia mateso ya Yesu kana kwamba yametokea mwaka huu. Yesu amevaa jinzi, Pilato ana simu mbili. Anayeigiza Yesu ni mwanakwaya wa kilo sabini na nne, aliyemwoa binti wa fundi huyu mwaka jana. Majirani wangeliachaje hilo lipite? Baba mkwe aliyemzungusha kijana wa watu miezi minane kabla ya kumkubali, wanasema, sasa kapata pa kumtundika.

Utani huo fundi aliucheka mpaka wiki iliyopita. Kwenye mazoezi, kibao cha kukanyagia kilikatika katikati ya wimbo. Mkwe akaporomoka, akabaki ananing'inia kwa mikanda ya mikononi hadi ngazi ilipoletwa. Alipona na michubuko tu.

Fundi ana miaka thelathini na mmoja kazini na hajawahi kurudishiwa hata stuli. Aibu ilimwingia mwilini. Kosa lake alilitambua baada ya siku mbili za kukosa usingizi.

"Nilipima mtu aliyesimama," anasema. "Sikupima mtu anayeimba. Akivuta pumzi anasukuma mgongo, akipandisha sauti anakanyaga."

Ndiyo maana sasa anapanda mwenyewe na kuimba. Kibao kipya ni cha mbao ngumu, kimefungwa kwa bolti nne. Hata hivyo anazikaza kila baada ya dakika chache, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango.

Kinachomnyima raha zaidi ni binti yake, mjamzito wa miezi saba. Hajampigia baba yake tangu siku ile. Alimtumia ujumbe mmoja tu: huyo ndiye baba wa mtoto wangu.

Saa sita mkwe anafika, anamwamkia kwa adabu, anamuuliza kama amekula. Fundi anakwepa swali. Mkwe anapanda msalabani, kamera zinawashwa. Kwa dakika nne za wimbo fundi amejibanza nyuma ya msalaba, ameikumbatia nguzo, macho kayafumba. Mbao hazilii.

Mkwe anashuka, anampigia mkewe, kisha anampa mzee simu. Fundi anasogea pembeni. Akirudi, macho yamelowa.

"Ameniambia nile," anasema.

Ana ombi moja kwa watengenezaji: filamu ijayo iwe ya kuzaliwa kwa Yesu. "Wanipe kazi ya hori. Hori liko chini, mtoto haanguki."

Mwongozaji anataka wimbo urudiwe. Fundi anachukua spana yake na kurudi nyuma ya nguzo.