Kitunguu Saumu Siku ya Kuombana Msamaha

Vanita ni mtu wa kawaida kabisa hapa Leicester, Uingereza. Anashona mapazia kiwandani, analea watoto wawili, na tangu aolewe hajamjibu mama mkwe wake neno kali hata moja. Udhaifu wake ni tumbo. Kwao Wajaini, watu wa dini ya Kihindi inayokataza kuua kiumbe chochote, hawali kitunguu, kitunguu saumu wala kiazi, kwa sababu ukiking'oa umeua mmea pamoja na vidudu vya mizizini. Vanita alipika hivyo na kula hivyo, lakini roho yake ilikuwa kwenye vyakula vya mikahawa ya Barabara ya Melton.

Siku ya mwisho ya mfungo wao mkuu, ambayo mtu mzima hatii kitu mdomoni, uvumilivu ukamwisha. Mama mkwe, ambaye sote twamwita Ba, alikuwa amefunga siku zote nane kwa maji ya moto tu. Jioni akaenda ukumbini na mwanawe Dinesh, mume wa Vanita, na wajukuu, kwa sala ya kuombana msamaha. Vanita akasema kichwa kinamgonga, akabaki. Gari halijakata kona, mimi na Kokila, rafiki zake, tukaingia na mifuko ya chakula.

"Si unaumwa wewe?" Kokila akamchokoza, huku akifungua makopo.

"Naumwa njaa, dada. Lete."

Sisi wawili si Wajaini, kwa hiyo tulijiona hatuna dhambi. Tulikula, jamani. Mikate ya naan yenye kitunguu saumu, viazi vya bizari, jibini kwenye rojo zito. Vanita alikula kwa vidole vyote, anacheka, pilipili inamtoa machozi.

Simu ikalia. Ni Ba. Mikono ya Vanita imejaa rojo, basi Kokila akambonyezea spika.

"Mwanangu, umelala?" Sauti ilikuwa dhaifu.

"Nimejilaza, Ba."

"Sala inaanza, na siwezi kuingia na moyo mchafu. Ulipobaki nilimwambia Dinesh unajitia mgonjwa. Nimekusingizia, na wewe unaumwa. Nisamehe, mwanangu."

Kokila akainamia zulia. Mimi nikamwashiria Vanita aseme tu amesamehe, yaishe. Akatikisa kichwa. Sasa analia, na si pilipili.

"Ba, usiniombe mimi. Siumwi. Ninakula."

"Unakula nini?"

"Kitunguu saumu. Na viazi."

Tulisikia watu wa ukumbini wakiitana.

"Kumbe sikukusingizia," Ba akasema polepole.

"Hukunisingizia. Nisamehe mimi, Ba."

"Nimekusamehe." Akavuta pumzi. "Ila heri ingekuwa dhambi yangu."

Akakata simu. Hakuna aliyegusa tena chakula. Vanita alinawa, akasugua, akanawa tena, kisha akavaa viatu na kutuambia tumpeleke ukumbini.

Kitunguu saumu hakitoki kwa sabuni. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma, akinusa vidole vyake.