Hodi ya Barabara Kuu

Wiki iliyopita mama alinikabidhi ufunguo wa gari lake. Macho yamechoka, daktari amesema basi, na mama si mtu wa kubishana na madaktari. Aliuweka mezani karibu na kikombe cha chai, akanisukumia, kisha akaendelea kula mahamri yake. Langu mimi nililirudisha sahanini. Nilikumbuka zile siku mbili za utotoni tulipotoka Houston, mama na mimi, kwenda Fort Worth kutazama mbio za magari.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tunakaa Sharpstown, mtaa wa Houston, kwenye ghorofa ambalo ukipita koridoni jioni ulinusa kila aina ya kitunguu kinachokaangwa duniani. Mama, mtu wa Mombasa, alihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Mmoja wao, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa hana habari na kitu kingine isipokuwa mbio za magari. Kila Jumapili mama alimlisha mbele ya televisheni, na haukupita muda mama akajua maana ya kila bendera na kuanza kubishana naye juu ya madereva.

Kichekesho ni kwamba mama mwenyewe hakuthubutu kuingia barabara kuu. Aliyemfundisha kuendesha ni jirani yetu, dereva wa teksi kutoka Unguja. Siku ya kwanza alipompeleka kwenye njia ya kupandia barabara kuu, mama alifika mwisho wake akasimama kabisa. Kwetu mtu hubisha hodi akangoja kukaribishwa, na mama alingoja vivyo hivyo, malori yakimpigia honi nyuma, mpaka jirani akashuka na kushika usukani yeye. Tangu hapo mama akawa wa barabara za pembeni tu, taa baada ya taa, na jirani akambandika jina, Bi Pembeni. Mama alicheka pamoja naye, lakini mimi nilimjua mama yangu. Lilimuuma.

Basi yule mzee akaletewa tiketi mbili na mwanawe, na miguu ilikuwa haimchukui tena. Akampa mama, pamoja na kofia yake ya timu. Alitaka jambo moja tu: Jumatatu asubuhi mama ndiye amsimulie, si televisheni, na hiyo televisheni isiwashwe mpaka mama afike. Mama akamwahidi. Jirani ndiye angetupeleka, lakini alfajiri ya Jumamosi kiuno kilimkaza, hata viatu vilimshinda kuvaa. Mama akapakia chupa ya chai, katlesi na mablanketi garini, jirani akituchungulia dirishani kwake.

"Bi Pembeni wee, kwa njia zako hizo mtafika washakunja mahema."

"Tutafika," mama akasema.

Na tulifika, ila siku nzima ilikwenda. Tulipita vijiji vyenye kanisa, kituo cha mafuta na ng'ombe waliotutazama bila haraka. Mara kwa mara tuliiona barabara kuu kwa mbali, magari yakiteleza, na mama aligeuza uso. Tulilala ndani ya gari kwenye uwanja wa kuegesha, katikati ya mahema na moshi wa nyama choma.

Jumapili nilisikia mngurumo ambao sijausikia tena. Masikio tulikuwa tumeyaziba kwa pamba, ukapitia kifuani. Hewa ilinuka mpira ulioungua. Mama alivaa kofia ya mzee juu ya mtandio wake mweusi, akawa anasimama kila watu walipokaa. Katlesi zake zilizunguka safu yetu yote, na bwana mmoja mnene akaja kuomba nyingine bila haya.

Kisha nikaona mama hawatazami tena wanaoongoza. Alikuwa anatazama mahali magari yalipotokea baada ya kubadilishwa magurudumu. Gari likitoka pale halikusimama. Lilishika ukingo wa ndani, likaongeza mwendo peke yake, na lilipowafikia wenzake lilikuwa tayari linakwenda kama wao. Mama akanichomoa pamba sikioni.

"Unaona? Hakuna anayengoja kukaribishwa. Huku hodi ni mwendo."

Mbio ziliisha jua limeinama. Kwa njia za pembeni tusingewahi zamu yake ya asubuhi, na mzee angekaa akingoja mbele ya televisheni iliyozimwa. Mama alilijua hilo. Kwenye njia ya kupandia alikagua mkanda wangu, akasema Bismillahi, akakanyaga mafuta. Gari letu kuukuu lilitetemeka lote. Lori likatokea ubavuni, nami nikaanza kumsihi kwa Kiingereza, lugha niliyoikimbilia nikiogopa, kisha nikafumba macho. Nilipofumbua, lori lilikuwa nyuma yetu.

"Tumeingia," alisema mama, machozi yakimtiririka mpaka kwenye tabasamu.

Sijapata kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama jioni ile. Nilitamani kuteremsha kioo niitangazie Texas nzima. Asubuhi yake alimsimulia mzee hadi uji ukapoa, na jirani, alipopewa katlesi zilizobaki na habari zake, hakulitaja tena lile jina.

Mzee alishafariki, jirani alirudi Unguja, ghorofa letu limebomolewa. Gari lile liliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama aliendesha mengine, akaizunguka Texas atakavyo, na sasa ufunguo uko mfukoni mwangu.

Juzi nilimchukua kutoka kwangu, mjini Mesquite, kumpeleka kliniki. Nilipoifikia njia ya kupandia sikupanda, nikashika barabara ya pembeni. Taa ya kwanza ikapita, na ya pili, kisha mama akauliza kama tumepotea. Nikamwambia hatujapotea, nataka tu leo tuchelewe kidogo kufika.

Alinitazama kwa macho yale yaliyochoka, akaukaza mkanda wake.

"Pembeni nilishakaa," akasema. "Panda."