Wifi Yangu na Maswali Sita

Wifi yangu ni msusi, na kwa kusuka hana mpinzani mtaa mzima. Mimi namsaidia saluni: naosha vichwa vya wateja, nafagia nywele, na kupiga domo. Hiyo ya mwisho sikuajiriwa, najitolea. Ni mke wa kaka yangu, kwa hiyo haki ya kumtania ninayo, na sijawahi kuiacha ilale.

Aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua. Siku aliyoniambia anarudi kufanya mtihani wa kidato cha nne, watoto wake wameshakuwa wakubwa, nilicheka mpaka nikamwaga shampuu. Yeye hakucheka. Alitaka kuwa mkunga. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa kwa shida, na mkunga aliyemsimamia siku ile hakumwachia mkono mpaka mwisho. Tangu hapo wifi hakutaka kazi nyingine. Chuo kilikuwa tayari kumpokea, mradi apate walau D ya Hesabu. Mara ya kwanza alipata F; akarudia mwaka uliofuata, na baada ya hapo angekuwa amepita umri wanaoupokea. Kwa hiyo nafasi ilikuwa ni hiyo moja, basi.

Siku ya Hesabu nilifunga saluni nikaenda kumsubiri nje ya geti la shule. Kengele ilipolia, watahiniwa wakamwagika nje na karatasi zao za maswali, kelele juu.

"La tatu umepata ngapi?"

"Saba."

"Saba! Saba imetoka wapi?"

Watu hawa siwaelewi. Mtihani umeshakusanywa, wewe bado unajitafutia presha kwa hiari yako!

Mwaka jana wifi alipita katikati yao kimya, ameinamisha kichwa, maana hakuna aliyedhani mama mtu mzima ana jibu la kulinganisha. Safari hii alikuwa amesoma nao masomo ya jioni. Binti mmoja wanayemwita Kalkuleta akamdaka mkono. "Mama, unakimbilia wapi? Njoo tulinganishe."

Wakakaa kwenye ukingo wa barabara, na mimi nikajibanza pembeni. Sehemu ya kwanza ilikwenda hivi hivi, mengine yakilingana, mengine yakigoma. Kalkuleta akajumlisha kichwani. "Haijatosha, lakini si mbaya. Inategemea sehemu ya pili. Umechagua yapi?"

"Kuchagua?"

"Si yalikuwa sita, unajibu manne?"

"Nimejibu yote sita," wifi akasema, uso umemkunjuka kwa fahari. "Nimekimbiza mkono huo! Wachague wenyewe manne yanayowapendeza. Mchagua jembe si mkulima."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja mwembamba, jina lake la utani Wakili kwa sababu anabisha hata salamu, akafunua ukurasa wa kwanza na kusoma kwa sauti. Atakayejibu zaidi ya manne atasahihishiwa manne ya mwanzo tu.

"Ulianza na yapi, mama?"

"Na magumu."

Namjua wifi anavyosuka: anaanzia kisogoni, panapouma, mteja akiwa bado na subira, kisha anamalizia mbele kwenye ulaini. Na mtihani aliusuka vilevile. Swali la faida na hasara na lile la takwimu, aliyoyajua vizuri kuliko yote, aliyaweka mwisho, mahali ambapo hakuna atakayeyatazama.

"Kwani maelekezo hukusoma?" nikamfokea.

"Niliyasoma mwaka jana," akajibu kwa sauti ndogo. "Yalisema jibu yote."

Kalkuleta akanitazama kwa jicho la kuninyamazisha, akaanza kupitia yale manne. La matriki lililingana. La duara lilikuwa limeharibika. La vekta alipata nusu. Likabaki la nne, la mnara, na hapo wakatazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyelichagua. Wote walilikimbia.

"Ukiupata huu mnara, mama, umepita," Kalkuleta akasema. Upande wa pili wa habari hakuusema.

"Basi mimi nilipata..."

"Usitutajie!" Wakili akamkatiza. "Tutalifukuzia jibu lako. Tufanye wenyewe kwanza."

Nikawapa kitana changu chenye mkia, wakachora mchangani. Kuna mtu anatazama kilele cha mnara, anausogelea mita arobaini, anatazama tena, halafu eti mnara una urefu gani. Mimi ningemuuliza mwenye mnara. Wao waliinama pale kama wanatafuta sindano.

"Sitini na tisa," Kalkuleta akasema.

Nilimwona wifi machozi yakimlengalenga. Utani wote ukanikauka. Nilimshika bega, nikaona uchungu kama mtihani ni wangu.

"Siyo," Wakili akasema.

"Ameanza!" Kalkuleta akaguna.

"Siyo, nasema. Hizo arobaini ameshazitembea. Zilizobaki mpaka kwenye mnara hatuzijui, wewe umezifanya ndizo hizohizo."

Wakabishana mpaka mlinzi wa geti akachungulia. Mwishowe Kalkuleta akafuta mchoro kwa kandambili, akachora upya, midomo ikimcheza. Kisha akainua uso.

"Haya, Wakili, leo umeshinda kesi. Ni thelathini na nne nukta sita."

Wote wakamgeukia wifi.

"Thelathini na nne," akasema taratibu. "Na pointi. Pointi yenyewe nimeisahau."

Walimrukia wakambeba juujuu, mama mzima, viatu vikadondoka, mlinzi akaja kutufukuza. Mimi nilikuwa nalia, na huo mnara wala sijui wa nini.

Matokeo yalitoka asubuhi; sisi yalitufikia nikiwa naosha kichwa cha mteja mmoja, mama aliyeingia saluni amenuna. Wifi akanijia na simu mkononi, akanisogezea usoni. Nikasoma: Hesabu, D. Nilimwacha mteja na povu lake, tukakumbatiana, tukaruka, tukapiga vigelegele hadi majirani wakaja mlangoni.

"Mnashangilia nini?" yule mama akauliza, povu likimtiririka usoni.

"D! Wifi amepata D ya Hesabu! Anakwenda kuwa mkunga!"

Mama akatukodolea macho. "D," akarudia. Akasema mwanawe naye kapata D ya Hesabu, na asubuhi ile alimgombeza mpaka mtoto akaondoka nyumbani bila kunywa chai.

Akafuta mikono kwenye taulo, akaomba apewe mkoba wake, akatoa simu, akapiga.

"Uko wapi, mwanangu?" nilimsikia akisema. "Umekula?"