Maneno ya Odette Mahakamani

Siku yangu ya kwanza mahakamani Kolwezi, rais wa mahakama, yaani hakimu mkuu, alinisimamisha karibu na shahidi. "Mama Tereza, utafsiri bile batu banasema. Usiongeze, usipunguze." Kazi yangu ilikuwa ukalimani: kugeuza Kilunda kuwa Kiswahili au Kifaransa kwa waliotoka Kasaji, Musumba na vijiji vya huko.

Zamani zile, kesi ya msichana aliyeharibiwa ilikuwa fupi. Wazazi walisema wamepatana na mshtakiwa, nikatafsiri, hakimu akaifunga. Msichana alisimama palepale mbele ya mtu aliyemtenda, na mara nyingi hakuulizwa neno.

Baadaye ikaja sheria ya kulinda mtoto, na mahakama ya watoto. Mtoto sasa alisikilizwa faraghani, na mapatano ya jamaa hayakuzuia tena mashtaka.

Kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya Odette. Aliletwa na mjomba wake kutoka Musumba kuosha mawe ya shaba, na mnunuzi mmoja wa madini akamfanya mke kabla hajafikia umri wa sheria. Mjomba alikijua Kiswahili, hakunihitaji.

"Shiye tulisha kusikilizana, Mama Juge," akamwambia hakimu, mwanamke. "Hakuna tena matata."

"Mulisikilizana ninyi, tata," hakimu akamjibu. "Ile kosa ni ya Leta, ni serikali ya kufwata, haiko ya jamaa. Sasa mi nataka kusikia mutoto."

Mjomba akatolewa nje. Odette alieleza yote kwa Kilunda, kwa sauti ya kawaida, nami nikatafsiri. Alipomaliza akanigeukia mimi, si hakimu: "Mama, yule akifungwa, mi nitalala kwa nani? Mjomba hatanifungulia tena mlango."

Ningeweza kumtuliza tu. Nilitafsiri. Hakimu akaweka kalamu chini, akaahirisha kesi mpaka ofisa wa ustawi ampatie mtoto nyumba ya kukaa. Ikapatikana kwa mama mdogo wake, mkulima wa Lubudi. Ndipo kesi ikaendelea, na mnunuzi akahukumiwa kifungo.

Nimestaafu. Wakalimani vijana wananiuliza maneno gani ya sheria ni magumu kuyageuza. Ninawaambia yanafundishika yote. Kigumu ni kusema "mi" mahali pa mtoto, mbele ya watu wazima, kwa kinywa chako mwenyewe.

Mwaka jana nilipita sokoni Lubudi. Odette alikuwa anauza mihogo, mtoto mgongoni. Alinitambua, akanitazama kidogo, akaendelea kumhudumia mteja. Sikumwita. Kama anataka kuisahau sauti yangu, ni haki yake.