Safu ya Ng'ombe

10 Julai 2001, Jumanne. Baridi, mawingu chini, upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma hapa Kitengela alikuwa mwalimu kijana wa chuo kikuu. Alikuwa amepata ufadhili wa mwaka mmoja kuchunguza vile wafugaji wa Kajiado wanaishi baada ya kugawana ardhi. Mimi nilikuwa mkalimani wake, na nilimsaidia kujaza fomu za maswali, kwa kuwa nimelelewa Isinya na Kimaasai nakijua, ingawa shule niliachia darasa la saba. Siku hiyo alikuwa anamaliza ripoti. Wafadhili wakiridhika, wangemwongezea mwaka wa pili. Wasiporidhika, angeacha kazi nusu.

"Mama, maboma uliyoenda peke yako, wote walikujibu hili swali la idadi ya ng'ombe? Mimi waliniambia tu, 'Wako,' bila kutaja idadi."

Mmaasai haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ni kama kuwaombea mifugo wake mabaya. Boma la kwanza niliuliza, mzee akacheka, akawaambia wenzake: "Huyu anataka kununua ama kuoa?" Sikuuliza tena. Nilisimama karibu na lango mifugo wakirudi, nikakadiria, nikaandika.

Niseme haki: alikuwa ameniambia mtu akikataa niandike amekataa. Ni mimi niliogopa fomu zenye mapengo zingeonekana uvivu. Na ningenyamaza hangejua. Nilifikiria hivyo, sitakana.

"Hizo namba ni za macho yangu, mwalimu."

"Zote?"

"Zote nilizoandika mimi."

"Na bahasha ya ripoti inatoka leo! Miezi minne, mama, unaniangalia tu nikijumlisha?"

Alitoka, akazunguka tangi la maji mara mbili, akarudi na rula. Akapiga mstari juu ya safu yote ya ng'ombe, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaandika maelezo pembeni.

"Waambie wafadhili ni mimi," nikasema.

"Jina kwenye ripoti ni langu."

Aliporudi kutoka posta kutuma ripoti alisema tu, "Kesho usibebe fomu." Sikujua kama amenifukuza. Nilishindwa kuuliza, labda kwa aibu, labda sikutaka kusikia.

Jioni tulikula ugali na kabeji. Alikuja mezani kama kawaida, akala polepole. Chumvi ilikuwa karibu na mimi. Hakuniomba, aliinuka, akazunguka meza, akaichukua mwenyewe.