Kofia ya Nesi na Nywele Zilizokuwa Chini Yake

Siku yangu ya kwanza kazini Voi, kabla sijaonyeshwa mgonjwa hata mmoja, nilikaguliwa kichwa. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho. Matroni alitupanga mlangoni mwa wodi, akaigusa kofia yangu kwa kidole. Ikayumba.

"Nesi, hiyo ni kofia au ni kuku anaatamia kichakani?"

Wenzangu wakabana vicheko. "Kesho uje umechoma nywele," akasema, akapita.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo kichwa wazi hamkuijua kofia ile. Kilikuwa kitambaa cheupe kilicholowekwa kwenye wanga na kupigwa pasi mpaka kikawa kigumu kama kadibodi, kisha kikashikizwa kwa pini mbili nyuma ya utosi. Ilitengenezewa nywele zinazolala. Zetu husimama. Kwa hivyo tulizilaza kwa kichana cha chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la makaa. Unapaka mafuta ya mgando, unapitisha kichana kuanzia kwenye mizizi. Ukisikia yakichemka, hayo ni mafuta. Ukisikia harufu, huyo ni wewe.

Lakini Voi ni joto. Kufikia saa sita jasho lilikuwa limezirudisha nywele zilikotoka, na kofia imeinama. Basi unachoma tena katikati ya wiki, juu ya malengelenge ya wiki iliyopita. Baadaye pini zilianza kutoka na nywele zenyewe.

Nilivumilia kwa sababu nilitaka kusomea ukunga, na bila pendekezo la Matroni huendi.

Jumapili moja Mghoi, nesi mwenzangu kutoka Wundanyi, aliniona nikipuliza makaa. "Dada, weka hicho chuma chini. Utabaki na masikio tu."

Akaniosha, akanipaka mafuta, akanisuka matuta yaliyolala kichwani, na tuta moja akalikatiza kisogoni ili pini zipite chini yake. Kesho yake kofia haikutikisika zamu nzima.

Matroni aliniona. "Nani amekuruhusu kuja na shamba kichwani?"

"Kofia imekaa, Matroni."

"Sijauliza kofia. Fumua, la sivyo sahau ukunga."

Sikufumua. Msidhani ni ujasiri. Ngozi ya kuchoma ilikuwa imeniishia.

Kusomea ukunga akaenda mwingine. Mimi nikahamishiwa zahanati moja upande wa Rukanga, kazi yangu ikawa sindano na vidonda. Mama akishikwa na uchungu mgumu, nilimtandikia gunia kwenye lori la kwenda Voi, nikamshika mkono mpaka dereva awashe injini. Zaidi ya hapo sikufunzwa.

Miaka ilipita hivyo. Nywele zilinawiri. Maji yalikuwa machache, lakini nilijifunza kuzichana zikiwa na unyevu, kuanzia kwenye ncha, na kutozikaza. Ukisukwa ukashindwa kukunja uso, fumua.

Kisha akaja Matroni mwingine, mama mpole wa kutoka magharibi, kukagua zahanati. Aliniuliza kama nilishawahi kufikiria ukunga.

"Nilifikiria, Matroni. Lakini nywele zangu..."

"Nywele zimefanya nini?"

Aliandika pendekezo palepale, karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari.

Nilizalisha akina mama mpaka nikastaafu. Sasa wasichana wa kanisani huja kwangu na vichana vyao, nawaonyesha. "Nyanya, kwa hivyo wewe ulizipigania nywele?" huniuliza. Nawaambia nilikaa tu nikangoja, na kungoja kulinichosha kuliko kazi. Wakitaka kujua kama ilistahili, nawakumbuka wale akina mama juu ya lori, hasa mmoja wa Makwasinyi aliyekataa kuuachia mkono wangu. Huwa naweka kichana chini kwanza, ndipo nasema ndiyo.